Waya Usioujua Ndani ya Gari la Mtumba: Ufuate Kabla ya Kuukata

Gari la kawaida linalouzwa katika masoko yetu huwa limepitia mikono mingi. Kwanza lilitumika Japani kwa miaka 6 au 7, kwa sababu kiwango cha KS 1515 hakiruhusu gari lililozidi miaka 8 tangu kusajiliwa kwa mara ya kwanza kuingizwa nchini. Kisha likashushwa bandarini Mombasa, likauzwa, likatumika hapa kwa miaka mingine 5 au 10. Huenda lilikuwa teksi mjini, huenda lilibeba maziwa au miraa, huenda lilikuwa la familia tu. Likifika kwako, kila aliyewahi kulimiliki ameacha kitu ndani yake, na mara nyingi kitu hicho ni waya.

Wakazi wengi huzigundua nyaya hizo kwa bahati. Unainua kapeti kutafuta sarafu iliyodondoka, unakuta waya mwekundu unaoelekea nyuma. Redio inaharibika, fundi anaichomoa, na nyuma yake linatokea fundo la nyaya nyeusi zilizofungwa tepu. Kuna wanaosema, "Gari linatembea, achana nazo." Kuna wanaochukua koleo na kukata. Wote wawili wanacheza kamari. Waya ulioachwa bila kujulikana unaweza kuwa ndio utakaochoma gari, na ule unaokatwa ovyo unaweza kuwa ndio unaopeleka umeme kwenye pampu ya mafuta. Somo la toleo hili linaeleza jinsi ya kujua waya unatoka wapi, unaishia wapi na ni wa nani, kabla haujaguswa.

Kutambua waya wa kiwandani na waya wa kuongezwa

Nyaya za kiwandani husafiri pamoja katika kifungu kimoja ndani ya bomba jeusi lenye mikunjo au tepu ya kitambaa. Kifungu hicho hushikiliwa kwenye bodi kwa vibanio, na rangi za nyaya zake ni nyingi: nyeupe yenye mstari mwekundu, kijani yenye mstari mweusi, na kadhalika. Kila waya huishia kwenye koneta ya plastiki yenye kufuli dogo. Kiwanda hakisokoti nyaya mbili kwa vidole na kuzizungushia tepu.

Waya wa kuongezwa hujionyesha. Mara nyingi ni wa rangi moja tangu mwanzo hadi mwisho, mwekundu au mweusi. Unapita nje ya kifungu, unaning'inia chini ya usukani, umefungwa na kamba ya plastiki kwenye chuma kinachosogea. Tepu yake imeyeyuka kwa joto na kuacha gundi nata. Pengine utaona vibanio vidogo vya plastiki, aghalabu vya bluu, vilivyouma waya wa asili na kuiba umeme bila kuukata. Hivyo hufanya kazi kwa muda, kisha unyevu unaingia na shaba inaanza kuoza. Kibaya zaidi ni ule waya mgumu wa kufungia taa za nyumba. Ndani yake mna uzi mmoja mnene wa shaba, tofauti na waya wa gari wenye nyuzi nyembamba nyingi. Nyumba haitikisiki, gari hutikisika kila siku kwenye barabara zetu za murram, na uzi mmoja hukatika.

Tafuta kwanza kwenye ncha za betri. Hesabu nyaya zinazotoka kwenye ncha ya chanya. Kila waya mwembamba uliobanwa chini ya nati ya betri umeongezwa na mtu. Halafu angalia chini ya usukani, nyuma ya redio, chini ya kapeti kando ya milango, na ndani ya buti.

Vitu vilivyosafiri kutoka Japani

Baadhi ya vifaa vilivyoongezwa vilikuja na gari na havina kazi hapa. Kile kisanduku kidogo kinachokusalimu kwa sauti ya mwanamke kila unapowasha gari ni cha kulipia barabara za Japani. Anakukumbusha kwamba hujaweka kadi. Barabara zetu hazikitambui. Kina waya mmoja unaopanda hadi kioo cha mbele, na nyaya za umeme zinazochukuliwa nyuma ya redio. Unaweza kukiondoa bila hasara yoyote, ingawa wapo waliomzoea mama huyo na hawataki aondoke.

Kifaa kingine kiliongezwa hapa nchini kwa sababu ya Japani. Redio za FM za kule zilitengenezwa kushika masafa ya megahezi 76 hadi 90, na baadaye hadi 95. Stesheni zetu ziko kati ya 87.5 na 108. Ndiyo maana kisanduku kidogo cha kusogeza masafa hufungwa kati ya waya wa antena na redio, kikiwa na waya mwekundu wa umeme na mweusi wa bodi. Ukiikuta nyuma ya redio kabla ya kuelezwa, unaweza kudhani ni kifaa cha kijasusi. Ukiikata, utabaki na stesheni chache tu za chini.

Vitu vilivyofungwa hapa

Hapa ndipo penye uzito. Kengele za wizi, swichi za siri za kuzuia gari lisiwake, taa za ziada za mbele, amplifaya za muziki, vifaa vya kuchajia simu, vidhibiti mwendo na vifuatiliaji ambavyo wengi huviita traka: vyote hivi hufungwa na mafundi tofauti, kwa ustadi tofauti, na ni nadra mno mwenye gari kupewa mchoro wa kazi iliyofanywa.

Swichi ya siri na traka hufanana kwa jambo moja ambalo kila mnunuzi anapaswa kulielewa. Fundi huukata waya wa asili, kwa kawaida wa pampu ya mafuta, wa stata au wa swichi ya ufunguo. Ncha mbili zilizobaki hupitishwa kwenye relei, yaani kisanduku kidogo kinachofungua na kufunga njia ya umeme. Kuanzia hapo, umeme wa kuendesha injini unapita ndani ya kifaa cha ziada. Ukikichomoa na kukitupa, ncha zile mbili zimebaki wazi na gari haliwaki. Watu wamevutwa kwa kamba hadi gereji wakidhani injini imekufa, kumbe tatizo ni sentimita 2 za waya.

Hatari haiishii kwenye kukwama. Relei ya bei ya chini au kiungo kilicholegea kinaweza kukata umeme gari likiwa kwenye mwendo. Injini ikizima, usukani unakuwa mzito na breki zinahitaji kukanyagwa kwa nguvu zaidi baada ya mara chache. Mfikirie dereva wa Probox yenye abiria, anapita lori kwenye mlima, kisha injini inakata. Gari linalozima ghafla kwenye mashimo na kuwaka tena baada ya dakika mbili lichunguzwe kiungo hiki kabla ya kununuliwa pampu mpya.

Kidhibiti mwendo ni suala tofauti kidogo. Tangu Sheria za Michuki zianze kutekelezwa mwaka 2004, matatu na magari ya biashara hutakiwa kuwa na kifaa cha kuzuia mwendo usizidi kilomita 80 kwa saa. Ukinunua gari lililokuwa matatu au la kampuni, utakuta kifaa hicho na nyaya zake zikielekea kwenye kihisi cha mwendo na kwenye mfumo wa mafuta. Kama unaendelea kubeba abiria, kukichezea ni kosa. Kama unataka kulifanya gari kuwa la kibinafsi, badilisha matumizi yake kwenye rekodi za Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, NTSA, kisha ndipo fundi akiondoe.

Traka ni ya nani?

Swali hili wanunuzi wengi hawalijui, na ndilo linaloweza kukugharimu gari zima. Wakopeshaji wanaotoa pesa kwa dhamana ya logibuku huweka traka kwenye gari. Mtu akishindwa kulipa, wanaliona lilipo na wanaweza kulizima. Ukimnunulia mtu gari lenye mkopo ambao hukuambiwa, traka hiyo bado inafanya kazi kwa niaba ya mkopeshaji.

Basi ukiikuta traka kwenye gari unalotaka kununua, usiione kama takataka ya fundi. Ni dalili ya kuuliza. Fanya upekuzi wa gari kwenye mfumo wa NTSA kupitia eCitizen uone mmiliki aliyesajiliwa, na kama kuna benki au mkopeshaji aliyeandikwa pamoja naye. Kisha fanya upekuzi wa pili kwenye sajili ya dhamana iliyoundwa chini ya Sheria ya Haki za Dhamana katika Mali Inayohamishika ya mwaka 2017, maana kuna mikopo inayosajiliwa humo. Mwombe muuzaji akupe jina la kampuni iliyofunga traka na uwasiliane nayo mwenyewe. Muuzaji anayekwambia, "Hiyo kata tu, haina shida," wakati hajui au hataki kusema ni ya nani, amekupa sababu ya kutotoa pesa.

Ikiwa mkopo umelipwa, au traka ilikuwa ya mmiliki wa zamani kwa usalama wake, una njia mbili: akaunti ihamishiwe jina lako, au kampuni iliyoifunga iiondoe na kuunganisha waya wa asili. Usiiache ikiwa katika akaunti ya mtu mwingine. Anajua unalala wapi, watoto wanashukia shule gani, na gari limeegeshwa wapi usiku. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, taarifa za mahali mtu alipo ni data yake binafsi, na una haki ya kumuuliza anayeihifadhi anaitumia kwa nini. Ukiiondoa, wajulishe pia bima yako. Baadhi ya bima huweka traka kama sharti.

Kuufuata waya

Huhitaji kuwa fundi kufanya sehemu ya kwanza ya kazi hii. Unahitaji mwanga, saa moja, simu ya kupiga picha, na karatasi za kubandika. Zima gari na utoe ufunguo. Anza kwenye upande wa umeme, yaani betri au kisanduku cha fyuzi, na uufuate waya kwa macho na vidole. Usiuvute, kiungo kibovu kitatengana na hutajua kilikuwa na kipi. Piga picha kila mahali waya unapoingia na kutoka. Kila unapofika kwenye kiungo, bandika karatasi na uandike: "kutoka betri", "kwenda buti", "sijui bado".

Waya ukiingia mahali usipofika, anza upande wa pili. Kuna kifaa mwishoni? Kina jina au namba? Jaribu vitu vya gari kimoja kimoja: taa, honi, muziki, kufunga milango. Kama waya una fyuzi yake, ichomoe gari likiwa limezimwa, kisha washa uone ni kitu gani kimeacha kufanya kazi. Jaribio hili la fyuzi ni salama kuliko koleo, kwa sababu hurudishwa kwa sekunde moja. Likifanya gari lisiwake, umepata jibu muhimu bila kuharibu kitu. Lakini fyuzi isichomolewe gari likiwa barabarani, hata kwa mwendo wa polepole.

Kuna nyaya ambazo mkazi wa kawaida hapaswi kuzigusa kabisa. Koneta na mabomba ya rangi ya manjano, hasa kwenye usukani, chini ya viti na kwenye nguzo za milango, ni ya mifuko ya hewa. Mfuko huo hulipuka kwa nguvu inayoweza kuvunja mkono. Hata fundi husubiri baada ya kutoa betri. Maelekezo ya Toyota ni angalau sekunde 90. Na nyaya nene za rangi ya machungwa katika magari ya haibridi kama Aqua na Prius hubeba zaidi ya volti 100. Hizo zinaua. Ukikuta waya wa kuongezwa umepita juu ya machungwa au manjano, funika na umpelekee mwenye mafunzo ya magari hayo.

Tahadhari moja zaidi kwa wanaotaka kutoa betri. Toa ncha ya hasi kwanza, na uirudishe mwisho. Lakini jua kwamba redio nyingi zilizokuja na magari ya Japani hujifunga zikikosa umeme, zikadai namba ya siri ambayo huna. Uliza kwanza.

Fyuzi, na kwa nini gari huungua

Fyuzi iko pale kuulinda waya. Betri ndogo ya gari inaweza kutoa mamia ya ampea kwa muda mfupi. Waya mwekundu usio na fyuzi, uliopita kwenye tundu la chuma bila mpira, husuguliwa ganda lake kidogo kidogo. Siku shaba inapogusa bodi, umeme wote unakimbilia hapo. Waya unakuwa mwekundu kama kaa, ganda linashika moto, kapeti inafuata. Haijalishi ufunguo umetolewa, kwa kuwa waya huo umetoka moja kwa moja kwenye betri. Gari linaweza kuungua usiku likiwa limeegeshwa kando ya nyumba.

Kwa hiyo kila waya unaotoka betri lazima uwe na fyuzi, na fyuzi iwe karibu na betri kadiri inavyowezekana. Ikiwekwa nyuma kwenye buti, mita nne zote za waya kutoka betri hadi hapo hazina ulinzi. Ukubwa wake huhesabiwa kwa kugawanya wati kwa volti. Taa mbili za mbele za wati 55 kila moja ni wati 110. Ukigawanya kwa 12 unapata ampea 9 na kidogo. Fyuzi ya ampea 15, ile ya bluu, inatosha, mradi waya wenyewe uwe mnene wa kubeba ampea hizo. Ukikuta ya kijani, ambayo ni ya ampea 30, kwenye waya mwembamba, kuna mtu aliyechoka na fyuzi zinazokatika na akaamua kunyamazisha onyo. Karatasi ya sigara au kipande cha waya mahali pa fyuzi ni kibaya zaidi ya hapo. Malori mengi hutumia volti 24, hivyo usihamishe hesabu hii bila kuangalia betri.

Ukisikia harufu ya plastiki inayoungua au kuona moshi kwenye dashibodi, simamisha gari, zima, toa watu wote nje na usogee mbali. Usifungue boneti wazi. Hewa huongeza moto. Kizima moto cha unga mkavu ndicho kinachofaa. Piga 999 au 112. Huduma ya zimamoto ni jukumu la kaunti chini ya Jedwali la Nne la Katiba, basi usisite kuita kwa kudhani moto wa gari ni mdogo.

Betri inayoisha usiku

Malalamiko ya kawaida ya wenye magari haya ni betri inayokufa baada ya siku mbili bila kuendeshwa. Wengi hununua betri mpya, na baada ya mwezi wanarudi dukani. Gari likiwa limelala hutumia umeme kidogo sana, kwa kawaida chini ya miliampea 50. Vifaa vya kuongezwa vikivuta nusu ampea, betri ya ampea-saa 45 itakuwa imepoteza nusu ya nguvu yake kwa saa 45, na stata haitageuka.

Fundi mwenye mita ya umeme anaweza kupima hili kwa nusu saa. Huweka mita kati ya ncha ya hasi na waya wake, hufunga milango, husubiri dakika 20 au 30 hadi kompyuta za gari zilale, kisha husoma. Huchomoa fyuzi moja moja, pamoja na nyaya zilizotoka betri moja kwa moja, hadi namba inaposhuka. Mwambie asiwashe gari mita ikiwa imeunganishwa. Kipimo hiki kinapaswa kufanywa kabla ya kununua betri yoyote.

Kumchagua fundi na kuondoa waya

Fundi wa injini na fundi wa umeme wa magari ni watu wawili tofauti, hata kama wanakaa chini ya mwembe mmoja. Uliza kama amefanya mtihani wa ufundi wa NITA katika umeme wa magari, na ni wa daraja gani. Wapo pia mafundi wa jua kali wasio na cheti wenye mikono mizuri. Watambue kwa kazi. Muulize atakavyounganisha. Anayejibu kwamba atalehemu kwa risasi au kubana kwa kiungo maalumu na kufunika kwa mpira unaosinyaa kwa joto anajua kazi. Anayetoa meno kumenya waya na kuomba tepu, mshukuru na uondoke.

Kazi ikianza, waya usiotakiwa utolewe wote, kuanzia upande wa betri. Ukikatwa upande wa kifaa tu na kuachwa, bado una umeme na ncha wazi. Ule wa asili uliokatwa uunganishwe. Kinachobaki kipewe fyuzi, kifungwe kwenye kifungu, mbali na bomba la moshi na chuma chenye makali. Omba upewe vifaa vilivyoondolewa, hata kama ni vya kutupa.

Halafu andika kwenye karatasi moja kila kilichobaki: kifaa, mahali kilipo, fyuzi yake iko wapi na ni ya ampea ngapi. Iweke nyumbani pamoja na logibuku, si ndani ya gari, kwa kuwa mwizi naye anajua kusoma. Siku ukiliuza gari, mpe mnunuzi karatasi hiyo, na umwonyeshe swichi ya siri ilipo kabla hajaondoka nalo.